Albamu za Ujanani Zimebadilika, au Nimebadilika Mimi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 46. Nilipokuwa sekondari na miaka ya mwanzo ya ajira nilikuwa na kanda kama kumi za albamu nilizozisikiliza mpaka zikachakaa. Mwaka huu nimeanza kuzitafuta kwenye programu ya muziki ya simu. Nyingi nimezipata, lakini kuna kitu hakikai sawa. Moja inasikika kavu, na kasi yake siyo ile. Nyingine inapiga kelele mpaka naizima. Mbili nilizozipenda kuliko zote zimenipita tu kama tangazo la redio. Masikio yangu yamezeeka, au muziki wenyewe umebadilishwa? Kuna namna nzuri ya kuzirudia? Na wanangu hawawezi kukaa na albamu moja mpaka iishe, niwalazimishe?

Jibu: Ndugu yangu, masikio yako tuyaondoe kwanza katika orodha ya washukiwa. Ni kweli umri hupunguza usikivu, na huanza kula sauti nyembamba za juu kabisa. Kijana mwenye masikio mazima husikia mpaka karibu mitetemo 20,000 kwa sekunde, na mtu wa umri wako kwa kawaida huishia elfu kadhaa chini ya hapo. Lakini huko juu hakuna wimbo. Sauti ya mwimbaji, gitaa, besi, ngoma, tarumbeta, karibu kila kinachoufanya wimbo uwe wimbo ule, viko chini sana ya mpaka huo. Ulichopoteza ni mng'ao kidogo wa matoazi, na hicho hakitoshi kuifanya albamu uliyoipenda ikupite hivihivi.

Kazi yangu ni kuhamisha kanda na santuri za zamani kwenda kwenye faili za dijitali, na malalamiko kama yako nayasikia kila mara. Ninachowaambia watu ni kwamba kabla hujajishuku, hakikisha unachosikiliza ni rekodi ileile. Mara nyingi siyo. Jina ni lile, picha ya jalada ni ile, majina ya nyimbo ni yaleyale, na kilichomo ni kitu kingine.

Tuanze na hiyo ya kasi. Utepe wa kaseti unatakiwa kupita mbele ya hedi, kile kichwa kinachosoma sauti, kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya kaseti ambayo Philips waliitoa mwaka 1963. Redio kaseti za nyumbani hazikuwa na adabu hiyo. Mpira wa kuzungushia ukilegea, betri zikichoka, au fundi akigusa skrubu ya mota, wimbo wote unapanda au unashuka. Ikiwa redio yako ilikwenda mbio kidogo, basi wewe ulikua na wimbo mwepesi zaidi na wa juu zaidi ya ule uliopigwa studio, na huo ndio uliokuganda kichwani. Kichwa nacho kinahifadhi vizuri kuliko tunavyokipa sifa. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Daniel Levitin alichapisha utafiti ambamo watu ambao hawakuchaguliwa kwa ujuzi wa muziki waliombwa waimbe, bila kusikilizishwa chochote, nyimbo maarufu wanazozijua. Wengi walianza kwenye ufunguo ulio karibu sana na wa rekodi yenyewe. Kwa hiyo kumbukumbu yako ikikwambia kasi siyo ile, iamini. Ila usikimbilie kusema kwamba aliyekosea ni toleo la sasa.

Hata kampuni kubwa zimewahi kuuza albamu yenye kasi isiyo sahihi. *Kind of Blue* ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, ya mwaka 1959, ni mfano ambao mafundi wengi wa sauti wanaujua. Siku ya kwanza ya kurekodi, mashine ya utepe ilikuwa inakwenda polepole kidogo kuliko kawaida. Matokeo yake, utepe ulipochezwa kwa kasi sahihi, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka haraka na juu kidogo kuliko wanamuziki walivyozipiga. Albamu iliuzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30, mpaka kosa liliporekebishwa katika toleo la mwaka 1992. Sasa fikiria mtu aliyelelewa na santuri ya zamani, halafu leo anaweka toleo jipya. Atahisi pana kosa, na pale ndipo kosa lilipoondolewa! Mimi nikiulizwa nani ana haki, nasema kwa mwanahistoria ni toleo lililosahihishwa, na kwa mpenzi wa albamu ni lile aliloanza nalo. Hakuna sheria inayokulazimisha upende usahihi.

Ukavu una sababu zake. Kanda zako zote zilikuwa halisi, au baadhi zilirekodiwa kutoka kwa rafiki, naye akiwa amezirekodi kutoka kwa mwingine? Kila nakala ya nakala huongeza mvumo wa utepe na kupunguza sauti za juu, na kinachobaki huwa kizito na laini. Ukizoea wimbo ukiwa umevaa blanketi hilo, ukivuliwa utauona uko uchi. Kisha kuna suala la ukubwa wa sauti, ambalo watu hawalifikirii kabisa. Tangu watafiti Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao mwaka 1933 tunajua kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza besi kwanza, na sauti za juu nazo hufifia. Ujanani ulifungulia redio mpaka dirisha likatetemeka. Leo unasikiliza kwa sauti ndogo, usiku, kwa spika ya simu isiyoweza kutoa besi hata ukiiomba. Albamu haijakauka hapo. Jaribu mara moja kwa hedifoni za kawaida tu zinazoziba vizuri sikio, na sauti ya kiasi cha mtu anayezungumza nawe kwa msisitizo, halafu ndipo uhukumu. Zaidi ya hapo usipeleke hela yako kwenye vyombo. Watu wengi waliokwama kama wewe hununua spika wakati walichohitaji ni toleo jingine la albamu.

Pia yapo mambo ambayo hayatokani na kanda wala redio. Albamu moja inaweza kuwa na michanganyiko miwili halali kabisa, yaani namna mbili za kuunganisha sauti na vyombo vilivyorekodiwa. *Catch a Fire* ya The Wailers, bendi ya rege ya Bob Marley, iliyotoka mwaka 1973 ilirekodiwa Jamaika, kisha London ikaongezewa gitaa na kinanda na wanamuziki wa Kimarekani ili iwafikie wasikilizaji wa roki. Mwaka 2001 mchanganyiko wa awali wa Jamaika nao ulitolewa, na unaweza kuisikiliza yote miwili bega kwa bega. Ni nyimbo zilezile na waimbaji walewale, na hali ya hewa ni tofauti kabisa. Wapo wasanii wengine ambao, baada ya kugombana na kampuni au kupoteza haki za rekodi zao, waliingia studio miaka mingi baadaye wakaimba upya nyimbo zao zote maarufu. Rekodi hizo hujaa kwenye mikusanyiko ya "nyimbo bora", na programu ya simu haitakwambia kitu. Ukisikia mwimbaji ana sauti ya mzee kwenye wimbo wa ujana wake, hujaota. Teremka mpaka chini kabisa ya ukurasa wa albamu utafute alama ya herufi P ndani ya duara. Mwaka ulio kando yake unahusu rekodi yenyewe, tofauti na herufi C ambayo huhusu jalada na maandishi. Siyo ushahidi kamili, kwa sababu toleo lililosafishwa upya (remastered) huweza kubeba mwaka mpya, lakini utakuonyesha pa kuanzia kuuliza.

Sasa hiyo inayopiga kelele. Naweka dau kwamba jina lake lina mabano yanayosema imesafishwa upya mwaka fulani, na mwaka huo uko kati ya 1995 na 2010 hivi. Kipindi hicho kampuni za muziki zilishindana kufanya sidii zao ziwe na sauti kubwa kuliko za jirani. Dijitali ina dari: sauti haiwezi kuvuka kiwango fulani. Ukitaka albamu nzima isikike kubwa zaidi, njia ni kuzipandisha sauti ndogo na kuzibana zile kubwa mpaka zote zikaribiane. Mpigo wa ngoma uliokuwa unachomoza juu ya vyote unakatwa kichwa. Mwimbaji aliyenong'ona beti ya kwanza akapaza sauti kwenye kibwagizo sasa anazungumza kwa ukali uleule mwanzo mpaka mwisho. Dakika tano za mwanzo unasema "eeh, imechangamka", na dakika ya ishirini unatafuta kitufe cha kuizima, kama ulivyofanya wewe. Mgogoro huu ulifika kwa watu wa kawaida mwaka 2008 bendi ya roki nzito ya Metallica walipotoa *Death Magnetic*: mashabiki waliilinganisha na nyimbo zilezile zilizowekwa kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero, wakakuta za kwenye mchezo zina pumzi zaidi.

Dawa yake ni kutafuta toleo la sidii ya awali, lile la miaka ya 1980 au mwanzo wa 1990, ambalo mara nyingine limo humohumo kwenye programu, limefichwa chini ya matoleo mengine. Ukiyalinganisha, washa kwanza mpangilio wa kusawazisha ukubwa wa sauti, au sogeza kitufe kwa mkono mpaka yalingane. Usipofanya hivyo utalichagua lenye sauti kubwa kila mara, maana sikio huchukulia ukubwa kuwa ubora hata tofauti ikiwa ndogo kiasi kwamba huwezi kuitaja. Mimi mwenyewe nalinganisha hivyo kila siku na bado silitegemei sikio langu bila kipimo.

Zimebaki zile mbili zilizokupita. Hapo ndipo swali lako linapokuwa gumu, kwa sababu huenda toleo ni lilelile na kosa haliko kwenye faili.

Muziki tunaousikia mara kwa mara huanza kupendeza zaidi. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza mwaka 1968 jinsi kukutana tu na kitu tena na tena kunavyotufanya tukipende. Lakini kupenda huko kuna kilele, na mwenzake Daniel Berlyne alionyesha kwamba ukivuka kilele hicho unaanza kushuka. Albamu uliyoicheza mpaka utepe ukachakaa umeivusha kilele zamani sana. Kinachokuokoa ni miaka ya kupumzika, maana mazoea hufifia. Kinachokuangusha ni nyimbo mbili au tatu maarufu za albamu hiyo, ambazo hazikupumzika hata wiki: redio, harusi, matangazo, milio ya simu. Na ni zipi unazogusa kwanza ukiifungua albamu? Hizohizo.

Kwa hiyo usianzie hapo. Anzia mwisho wa upande. Hili lina sababu ya kifundi ambayo naipenda kuliko zote katika kazi yangu. Santuri ndefu iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwaka 1948 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na mwendo huo haubadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini mzunguko wa nje ni mkubwa na wa ndani ni mdogo. Sindano ikiwa pembeni, mfereji hupita chini yake kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde. Ikikaribia katikati, ni sentimita 20 na ushei tu. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Wimbo wenye kelele ukiuweka pale unakwaruza. Watayarishaji wakajifunza kuanza upande kwa wimbo wa kishindo na kuumalizia kwa wimbo mtulivu, gitaa moja na sauti, au kinanda kinachofifia. Upande mmoja ulibeba kama dakika 22, kwa hiyo albamu ilikuwa na safari mbili, kila moja na mwanzo wake wa nguvu na mwisho wake wa utulivu. Nyimbo za mwisho wa upande hazikuwa za redio, na hazijachakaa masikioni mwako. Nimeona watu wakirudi kwenye albamu nzima kupitia wimbo wa aina hiyo, ambao hata jina lake walikuwa wamelisahau.

Kanda ilihifadhi mgawanyo huo, ingawa mara nyingine mpangilio ulibadilishwa ili pande mbili zilingane kwa urefu na utepe usibaki mtupu. Kama unakumbuka wimbo fulani ukifuata mwingine na simu inakwambia vingine, angalia kwanza hilo. Sidii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 ikiwa na nafasi ya dakika 74, ndiyo iliyofuta mpaka wa katikati. Simu imeurithi ufutaji huo: wimbo uliotungwa kukuacha kimya ukiinuka kugeuza kanda sasa unakanyagwa papo hapo na wimbo wa kishindo wa upande wa pili. Tafuta upande A uliishia wapi na usimamishe pale. Nenda kanywe maji. Ni jambo dogo, na sijaona mabadiliko yanayorudisha albamu za kabla ya sidii kwa haraka kama hayo. (Albamu za miaka ya 1990 zilizonyooshwa mpaka dakika 70 kwa sababu tu nafasi ilikuwepo ni kesi nyingine. Nyingi zina nyimbo tatu nne za kujazia, na ukiziruka hujamkosea mtu.)

Mpangilio una kazi nyingine pia. Mwaka 2011 mtafiti Valorie Salimpoor na wenzake walipima ubongo wa watu wakisikiliza muziki walioupenda mno, wakakuta dopamini, kemikali ya ubongo inayohusiana na raha, ikitoka sehemu mbili kwa nyakati mbili: wakati wa kilele chenyewe, na kabla yake, msikilizaji akiwa anakisubiri. Maana yake ni kwamba kujua kinachokuja hakuharibu raha, kwa kuwa kungoja nako ni raha. Lakini ni lazima ungoje kweli. Wimbo wa tatu ukiisha, kichwa chako tayari kimeanza kuimba wa nne ndani ya ule ukimya wa sekunde mbili. Ukiwasha kitufe cha kuchanganya nyimbo, au ukiwa unajibu ujumbe, hakuna unachokingoja, na albamu inapita. Kitufe hicho kilikuwa ndicho cha kwanza kwenye kurasa za albamu za programu ya Spotify mpaka Novemba 2021, mwimbaji Adele alipoomba kiondolewe mahali hapo. Kizime kwako, na uzime pia mpangilio unaounganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata.

Basi chukua moja kati ya hizo mbili, siyo zote. Usiiguse kwa wiki kadhaa. Kisha tenga nusu saa, simu iwe mbali na mkono, usikilize kwanza wimbo wa mwisho wa upande mmoja, kisha upande huo tu tangu mwanzo. Wa pili uweke siku nyingine. Ikikushika, usiirudie kesho yake. Mwendo wa kuicheza mara sita kwa wiki ndio uliokufikisha hapa.

Na isipokushika? Inawezekana kabisa haikuwa albamu nzuri sana. Watu wazima wakiulizwa kumbukumbu zao, zile za kati ya umri wa miaka 10 na 30 hujitokeza kwa wingi kuliko za vipindi vingine, na muziki wa miaka hiyo hubebwa juu ya mgongo wa mambo mengine: shule, marafiki, mapenzi ya kwanza, mshahara wa kwanza. Ukiisikiliza na kila unachokiona ni sura za watu, wala hukumbuki besi ilifanya nini, basi uliupenda wakati ule zaidi ya muziki wake. Hakuna aibu. Iache ikae, ukiichezea mara moja moja wenzako wa enzi hizo mkikutana, na nafasi yake uipe albamu ya msanii yuleyule ambayo hukuwahi kuinunua kwa sababu hela ilitosha moja tu. Hapo ndipo wasikilizaji wa umri wetu wanapookota vizuri zaidi, ukiniuliza mimi.

Zile kanda zenyewe kama bado unazo, usizitupe, maana huenda ndiyo nakala pekee ya mpangilio na mchanganyiko uliokulea. Kabla ya kuicheza iliyolala miaka mingi, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma mara moja ili utepe ulegee, safisha hedi kwa pamba na spiriti, na iweke mbali na joto na spika zenye sumaku. Ihamishe mapema, utepe hauongezeki afya.

Kuhusu wanao, usiwalazimishe. Mwaka 2013 watafiti Carol Krumhansl na Justin Zupnick waliwasikilizisha vijana wa takriban miaka 20 nyimbo zilizovuma Marekani kati ya 1955 na 2009. Walitarajia vijana hao wafungamane na muziki wa miaka yao wenyewe, na hilo lilionekana. Lakini palijitokeza pia kilima kwenye nyimbo za ujana wa wazazi wao, na kingine kwenye nyimbo za zamani zaidi, za miaka ya 1960. Inaelekea hakuna aliyewakalisha chini kuwafundisha. Huenda muziki ulikuwa unapigwa tu wakiwepo. Kwa hiyo zile nusu saa zako usizisikilize zote kwa hedifoni. Nyingine zipigie sebuleni, upande mmoja, mlango wazi, na mtoto akipita katikati akauliza huyu ni nani, mtajie jina tu na uendelee kusikiliza.